Kabla ya Kubishana Hilux na D-Max, Ingia Chini ya Gari

Ukitaka kuzua ubishi barazani Ukunda, sema tu kwamba unatafuta pikapu na hujaamua kati ya Toyota Hilux na Isuzu D-Max. Wa Hilux watakwambia haifi. Wa D-Max watakwambia inabeba, tena spea zake hazikamui mfuko. Isha itaadhiniwa hakuna aliyemshawishi mwenzake, nawe utarudi nyumbani na swali lako lile lile. Tatizo ni kwamba barazani watu hulinganisha majina, ilhali mnunuzi hanunui jina. Ananunua gari moja lenye namba yake ya usajili, lililoishi mahali fulani na kubeba vitu fulani. Hilux iliyobeba samaki Msambweni miaka sita na nyingine iliyobeba unga Kinango miaka hiyo hiyo ni magari mawili tofauti kabisa, hata kama yalitoka kiwandani siku moja.

Msimamo wangu nautoa mapema: ukiwa na pikapu mbili mbele yako huku Kusini mwa Pwani ya Kenya, chukua ile yenye chasisi nzima, hata kama injini yake imechoka kidogo na jina lake si lile ulilolitamani. Injini hufunguliwa Ukunda na kufungwa tena. Klachi hubadilishwa, gari likarudi kazini. Chasisi iliyoliwa na kutu haina dawa. Ina viraka tu, na kiraka cha chasisi hukuaibisha siku umepakia.

Lakini kabla ya chasisi kuna karatasi na kalamu. Andika unabeba nini, mara ngapi kwa wiki, na unapita wapi. Mkulima wa machungwa wa Lukore, mchuuzi wa samaki wa Gazi, mjenzi wa Diani na mwenye duka wa Lunga Lunga wote husema wanataka pikapu, na kila mmoja ana pikapu yake akilini. Singo kebu, iwe Hilux au D-Max, huwa na bodi ya urefu wa takriban mita 2.3. Dabo kebu hubaki na mita 1.5 hivi. Bati la mita 3 kwenye singo kebu hutokeza nyuma kidogo, ukalifunga kitambaa chekundu ukaenda zako. Kwenye dabo kebu nusu yake huning'inia hewani. Boriti ndiyo usiseme. Anayejenga nyumba za kupangisha na wakati huo huo anataka dabo kebu apeleke watoto shuleni akiri moyoni kwamba anatafuta gari la familia lenye kibodi nyuma. Hakuna ubaya, ila asijidanganye kwamba amenunua gari la mawe.

Kuhusu uzito, pikapu hizi mbili hubeba takriban tani moja, zaidi au pungufu kidogo kulingana na aina. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Kuna watu hupakia 30 na kukwambia gari limezoea. Gari halizoei, hukaa kimya tu mpaka siku yake. Kipimo cha kweli kiko kwenye kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, gari na mzigo kwa pamoja. Toa uzito wa gari tupu, toa vyuma vya keria ulivyochomelea mwenyewe, toa dereva na utingo wake. Kilichobaki ndicho mzigo wako halali, na mara nyingi ni kidogo kuliko ulivyodhani.

Njia nayo ina neno lake. Barabara kuu ya Likoni, Ukunda, Msambweni hadi Lunga Lunga ni lami mpaka mpakani, na kutoka Kombani unapanda lami hadi mji wa Kwale. Kama gari lako litaishi hapo tu, 4x4 ni gharama unayozunguka nayo bure: bei ya juu, uzito zaidi, mafuta zaidi, na difu ya mbele ya kutunzwa. Lakini kama kazi yako ni Mwereni au Ndavaya wakati wa masika, usishawishike na magurudumu mawili kwa sababu ya punguzo. Siku moja ya kukwama matopeni na ng'ombe wa kuvuta hawapo inatosha kukufundisha. Kati ya hao wawili, wa lami na wa matope, kuna watu wengi ambao wangetosheka na pikapu ya magurudumu mawili iliyoinuliwa kimo sawa na ya 4x4. Hilux ipo ya namna hiyo, na D-Max pia.

Sasa tuje kwenye chumvi, kwa sababu hapa ndipo ununuzi wa Diani unapotofautiana na wa Nakuru.

Kusi inapovuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, hupeperusha marasharasha ya bahari hadi ng'ambo ya nyumba za ufukweni. Kwa macho huyaoni. Pangusa kioo cha gari lililolala usiku kucha karibu na ufuo, kisha uonje kidole. Unyevu ule hutua kwenye chuma, jua likiwaka hukauka, chumvi ikabaki; usiku chumvi hiyo hiyo huvuta unyevu mwingine kutoka hewani, na kutu huendelea kula wakati wewe umelala. Chasisi ya pikapu kwa sehemu kubwa ni boksi refu la chuma lenye uwazi ndani. Mchanga na tope huingia kupitia matundu yake, maji hayatoki, na chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana gari linaweza kung'aa kama sahani mpya na likawa limekwisha.

Gari la samaki ndilo baya zaidi. Simama asubuhi pale Mkunguni, Msambweni, mashua zikishusha, utazame pikapu ikipakiwa. Kreti hupangwa, barafu humwagwa juu, turubai hufunikwa. Kufika Ukunda barafu imeanza kuyeyuka. Maji yenye damu na chumvi hutiririka kando ya mlango wa nyuma, hupenya kwenye maungio ya bodi na kudondokea ekseli, vishikio vya springi na bomba za breki. Jioni dereva hupiga bodi maji, akafagia magamba, akaridhika. Chini ya gari hapajaguswa. Gari la namna hiyo likiletwa sokoni baada ya miaka kadhaa huwa limepakwa rangi, limepigwa manukato ndani, na muuzaji atakwambia lilikuwa la kutembelea tu. Inua zulia la plastiki la bodi uinuse. Harufu ya samaki haisikii manukato.

Wala usidhani kuna mtengenezaji aliyepewa kinga. Marekani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, Toyota ilifikia mapatano mwaka 2016, bila kukiri kosa, katika kesi ya kutu kwenye chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia. Thamani yake ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4, na magari yaliyohusika yalikuwa takriban milioni 1.5. Ikiwa hayo yaliwapata wenye barabara za lami tupu na maji ya bomba ya kuoshea, mwenye pikapu ya Gazi ana kila sababu ya kulala chini ya gari kabla ya kulipa.

Jambo hili lina mkia wake hapa kwetu. Uingereza nayo humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na kwa kuwa huendesha upande wa kulia wa gari kama sisi, baadhi ya pikapu za mitumba huja Kenya kutoka huko. Utakuta pikapu iliyoanza kuliwa Uingereza imekuja kumaliziwa Diani. Basi muulize muuzaji gari liliishi wapi kabla ya kufika bandarini Mombasa. Akijibu tu kwamba ni gari la Japani, usikubali haraka. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikuirudisha hadi 2017. Isuzu iliacha kuuza magari madogo huko mwaka 2002, mwaka ule ule D-Max ilipozaliwa. Hilux ya 2012 huenda ilipitia mikononi mwa mchuuzi wa Japani, lakini haikuishi barabara za Japani. Huenda ilitoka Thailand, Australia au Uingereza. Karatasi za usajili wa nchi ya kwanza ndizo zitakazosema.

D-Max nyingi unazoziona barabarani zina historia fupi zaidi. Huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, kampuni iliyoitwa General Motors East Africa hadi mwaka 2017. Gari lililosajiliwa likiwa jipya hapa Kenya lina faida moja kubwa: maisha yake yote yamo nchini, na kama lilihudumiwa kwa wakala, kumbukumbu zake zipo, unaweza kuziomba. Hasara yake ni kwamba mengi yalikuwa ya kampuni, na gari la kampuni huendeshwa na kila mtu, wala hakuna anayeliona lake.

Jinsi ya kukagua. Chukua tochi, bisibisi bapa, nyundo ndogo, sumaku iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi, na kadibodi ya kulalia. Tafuta gereji yenye shimo, na umlipe fundi ambaye hakuletwa na muuzaji. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko vifaa vyote. Fundi aliyeletwa na muuzaji ana ujira wake tayari.

Anzia nyuma. Juu ya ekseli ya nyuma chasisi hujikunja kupanda, na kwenye mkunjo huo ndipo tope hujikusanya. Gonga kwa nyundo taratibu, ukisogea kidogo kidogo. Chuma kizima hulia; kilicholiwa hutoa sauti bubu kama umegonga ubao uliooza. Ukisikia hivyo, weka bisibisi ukingoni mwa tundu lililo karibu na usukume. Vumbi la kahawia juu ya chuma si hoja, kila gari la Pwani linalo. Hoja ni maganda yanayobanduka kwa tabaka, au bisibisi kuzama. Endelea hadi vishikio vya springi, mahali tairi la akiba linaponing'inizwa, sehemu ambazo bodi imefungwa kwa bolti, nyuma ya tangi la mafuta, na bomba za breki kwa urefu wake wote. Kisha toka chini, inua mazulia ya ndani ya kebu uguse sakafu. Kama kuna unyevu, uliza maji yanaingilia wapi.

Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mbichi, simama kwanza. Huenda mwenyewe ni mtu makini aliyekinga gari lake. Huenda pia rangi ilipakwa wiki jana juu ya kutu. Nyundo haina habari na rangi. Gonga hapo hapo. Muuzaji akikataa usigonge, muage kwa heshima, umwache na gari lake.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji kifaa. Simama ubavuni mwa pikapu, utazame mwanya kati ya kebu na bodi. Upana wake juu na chini unapaswa kulingana. Usipolingana, pande zote mbili, huenda chasisi imepinda kwa kubebeshwa kupita kiasi. Hapo hapo hesabu mabapa ya springi za nyuma, ulinganishe na gari jingine la aina hiyo. Yakizidi, mtu aliyaongeza, na hakuyaongeza ili abebe mashada ya maua. Ukiona na alama ya kuchomelea nyuma kidogo ya kebu, umeshapata jibu lako.

Usisahau namba ya chasisi. Kwenye magari haya hugongwa kwenye ubavu wa chasisi upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Isugue kwa brashi uisome, uilinganishe na logbuku. Kutu ikishaila namba hiyo, hata gari likiwa lako kihalali utapata taabu siku ya ukaguzi.

Injini nitaipitia kwa haraka kwa sababu mafundi wa kuiangalia ni wengi. Fika asubuhi, kabla gari halijawashwa, uguse boneti. Ikiwa na joto, muuzaji ameshaamka kabla yako ili ugumu wa kuwaka usiuone. Moshi mweupe wa sekunde chache asubuhi si neno. Wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweusi mzito ukikanyaga ni mafuta yasiyoungua vizuri, na mara nyingi njia yake huishia kwenye injekta, ambazo kwenye diseli za kisasa ni ghali kuliko mtu anavyotarajia. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: mvuke mwepesi ni kawaida, lakini ukipuliza kama birika linalochemka, ringi zimekwisha.

Kuna tofauti moja ya kiufundi inayofaa kuijua kati ya pikapu hizi mbili za mitumba. Hilux ya kizazi cha 2005 hadi 2015 yenye injini ya diseli ya 2KD, ya lita 2.5, au 1KD, ya lita 3.0, hutumia mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kila kilomita 150,000. Ukikatika, vali hugongana na pistoni, na hapo hesabu hubadilika. Injini ya 4JK1 ya lita 2.5 iliyofungwa kwenye D-Max nyingi za miaka hiyo hutumia mnyororo, na hata Hilux mpya zaidi yenye 2GD ya lita 2.4 ina mnyororo. Kwa hiyo ukiona Hilux ya kizazi kile inaonyesha kilomita 148,000, uliza risiti ya mkanda. Kama hakuna, toa gharama yake kwenye bei. Na ukiona inaonyesha 90,000 huku pedali zimelika hadi chuma, usukani unateleza kwa ulaini na kiti cha dereva kimebonyea, usiamini mita hiyo.

Pikapu za karibuni kutoka Ulaya zina pia kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kichujio hicho hujisafisha gari likienda mwendo mrefu injini ikiwa moto. Gari linalozunguka Diani hotelini na sokoni tu halikipi nafasi hiyo, nacho huziba. Uliza kama bado kipo au kimeng'olewa.

Jaribio lenyewe lifanyike kwenye mlima. Pakia mifuko kumi ya saruji, au chochote cha nusu tani, uendeshe kila pikapu kutoka Kombani kupanda mji wa Kwale, ulio karibu mita 400 juu ya bahari. Magari yote mawili siku moja, mzigo mmoja, dereva mmoja. Tazama mshale wa joto: ukipanda kupita katikati, rejeta imeziba au mapezi yake yameliwa na chumvi. Sikiliza klachi: injini ikipandisha mlio bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza. Ukiteremka, breki zisivute upande wala usukani usitetemeke. Kisha toka lami, ingia barabara yoyote ya mawe ya matumbawe upande wa ufuo, uzime redio na usikilize bushi na shoku. Washa kiyoyozi muda wote huo. Watu huchukulia kiyoyozi kama anasa, mpaka wanunue gari ambalo kondensa yake imeoza kwa upepo wa bahari, Februari ikawakuta ndani.

Anayenunua kutoka yadi za Mombasa asikubali mzunguko wa dakika tano karibu na geti. Zamani kisingizio kilikuwa foleni ya feri ya Likoni. Sasa barabara ya Dongo Kundu ipo, na ni mahali pazuri pa kusikia beringi na kuona kama gari linavuta upande likiwa na mwendo. Ukisimama, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye umri wa miaka saba, kwa jua letu, ni la kubadilisha.

Hesabu ya pesa nayo ina mitego. Wengi huuliza ipi inakula mafuta kidogo, kana kwamba swali limeishia hapo. Chukua mfano: unatembea kilomita 2,500 kwa mwezi. Pikapu moja huenda kilomita 10 kwa lita, nyingine 12. Ya kwanza itakunywa lita 250, ya pili kama 208. Tofauti ni lita 42. Ukiweka diseli shilingi 170 kwa ajili ya hesabu tu, hizo ni shilingi 7,140 kwa mwezi, au 85,680 kwa mwaka. Sasa kama ile isiyokunywa sana inauzwa shilingi 400,000 zaidi, itakuchukua zaidi ya miaka minne kurudisha tofauti hiyo. Bei halisi weka ile ambayo EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi, na ulaji upime mwenyewe: jaza tangi hadi juu, tembea, jaza tena, ugawanye kilomita kwa lita. Maneno ya muuzaji yasiingie kwenye hesabu hiyo.

Upande wa spea, zote mbili zina mawakala Mombasa, na spea za bei nafuu zimejaa. Kinacholeta tofauti ni fundi wako. Kabla hujalipa, mwendee na orodha ya vitu vitano: diski ya klachi, beringi ya gurudumu la mbele, injekta moja, rejeta na taa ya mbele. Akuulizie bei za magari yote mawili, halisi na za kuiga. Jibu lake lina maana kwako kuliko ubishi wote wa barazani, kwa sababu ndizo bei utakazolipa. Kwa wanaotembea usiku barabara ya Kwale hadi Kinango, hiyo taa ya mbele si ya mapambo. Ndovu wa Shimba Hills huvuka, na ndovu hana kiakisi mwanga.

Gari likishapita hapo, zijie karatasi. Kama linaagizwa kutoka nje, sheria ya Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na shirika la viwango, KEBS, huhesabu kwa mwaka wa usajili huo. Agizo la mwishoni mwa Desemba likichelewa baharini linaweza kukutoa nje ya kikomo. Kama liko nchini tayari, fanya upekuzi wa kumbukumbu kwenye tovuti ya NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, ujue mwenyewe ni nani hasa. Jina la benki au sako likiwa kando ya jina la muuzaji, deni halijaisha.

Wengi huishia hapo, na ni mapema mno. Tangu Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake juu ya gari kwenye rejista ya dhamana, hata kama logbuku haina jina lake. Rejista hiyo pia hupekuliwa kupitia eCitizen. Fanya upekuzi wote mara mbili: siku unapokubaliana bei, na asubuhi ya siku ya kulipa. Lipa kupitia benki, kwa akaunti yenye jina lililo kwenye logbuku, si kwa simu ya shemeji yake. Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji mtandaoni nawe ukaukubali, na Sheria ya Trafiki haikuruhusu kulitumia gari barabarani zaidi ya siku 14 baada ya mauzo likiwa bado na jina la mwenyewe wa zamani. Usikubali ule mtindo wa kuendesha miaka na logbuku ya mtu mwingine. Likigonga mtu, mahakama itawatafuta nyote wawili. Dai pia funguo zote mbili. Pikapu za karibuni zina ufunguo wenye chipu, na kutengeneza wa pili si kazi ya kioski.

Bima isomwe neno kwa neno. Kuna bima ya kubeba mizigo yako mwenyewe na kuna bima ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo, na ya pili ni ghali zaidi. Mwenye pikapu wa Msambweni aliyekata ya kwanza, kisha akakodishwa kupeleka nazi za jirani Kongowea, akipata ajali njiani kampuni ina haki ya kumwambia kwamba safari ile haikuwamo kwenye mkataba. Wala bima hiyo haiwahusu waombolezaji kumi na watano wanaopanda nyuma kwenda matangani Vanga. Najua ni vigumu kumkatalia mtu siku ya msiba. Ndiyo maana ni bora umwambie wakala wa bima ukweli wa matumizi ya gari kabla ya kukata, akupe bei ya matumizi hayo, na bei hiyo uiweke kwenye ule ulinganisho wako wa pikapu mbili.

Ukishalileta nyumbani, lioshe chini kila wiki, na kila siku kama linabeba samaki, lakini uyaonje maji kwanza. Visima vingi karibu na ufuo wa Diani vina maji ya chumvi chumvi, na anayeosha gari kwa maji hayo anaongeza alichokusudia kuondoa. Tumia maji ya mvua au ya bomba. Elekeza mpira ndani ya matundu ya chasisi mpaka maji yanayotoka yawe meupe, kisha uegeshe gari mahali penye mteremko kidogo yapate kukauka. Mafundi wengine hupuliza oili chafu chini ya gari. Husaidia kiasi, ila huharibu bushi za mpira na kuchafua ardhi, na ikifika kwenye breki ni hatari. Ziko nta maalumu za kupulizia ndani ya chasisi. Zipakwe gari likiwa kavu kabisa, wakati wa kaskazi, kabla masika hayajaingia.